Ngo! Kabla hujaihukumu difu

Haya wenzangu na mimi wa magari ya mkono wa tatu, wa nne na kuendelea, leo ni zamu yetu. Wale ambao magari yao bado yananukia plastiki ya dukani mnaweza kuruka ukurasa huu mkasome nyota zenu. Leo nataka tuzungumze kuhusu ule mlio. Unaujua bwana, usijifanye mgeni. Unaachia klachi taratibu, gari linataka kuondoka, halafu huko chini ya sakafu kitu kinasema: ngo! Unaondoa mguu kwenye mafuta, ngo! Unakanyaga tena, ngo! Abiria wako wa mbele anakuangalia kwa jicho la pembeni, na wewe unaongeza sauti ya redio.

Hiyo dawa ya redio naijua, hata mimi nimeitumia sana. Ila juzi juzi imemtokea puani mshikaji wangu mmoja wa Mbagala, na kwa kuwa nilikuwepo tangu mkasa unaanza mpaka unaisha, nimeona niwamegee kabla na nyinyi hamjalizwa.

Mshikaji anaendesha kirikuu, Suzuki Carry ya miaka ya 1990, gia za mkono, injini chini ya kiti, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Bado siyo yake. Yuko kwenye mkataba: kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza miezi waliyoandikiana, kadi ya gari inakuwa ya kwake. Ilikuwa imebaki miezi minne. Mwenye mkataba hana siku ya kupumzika, gari likilala gereji hesabu hailali.

Sasa sikilizeni kituko cha kirikuu. Kule Japani hili ni gari la daraja la chini kabisa kwa sheria zao. Injini haitakiwi kuzidi sisi 660, kipimo kilichowekwa mwaka 1990, na mzigo halali wa nyuma ni kilo 350. Piga hesabu: mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo mifuko 7 na safari njema. Mfuko wa nane ni kosa. Hapa kwetu mfuko wa nane ndiyo kwanza kuli anatema mate mikononi. Mimi mwenyewe nimemhesabia mshikaji mifuko 18, na juu ya mifuko wamekaa vijana wawili wanakula miwa. Mzigo wote huo unavutwa na bomba moja la chuma linalopita chini ya gari, na misalaba miwili midogo ambayo unaweza kuifumba kwenye kiganja.

Basi mlio ulipoanza ulikuwa mdogo, wa aibu aibu. Baada ya wiki tatu hivi ukawa wa kutangaza. Mshikaji akapeleka gari kwa fundi mmoja, sitaki kutaja ni nani wala ni wapi, tosha kusema ni gereji ya chini ya mti. Fundi akalala chini, akaishika propela kwa mkono mmoja, akaizungusha kushoto, kulia. Ikacheza. Akatoka, akajifuta mikono.

"Difu hiyo kaka. Imekwisha."

Dakika moja na nusu, nadhani haikufika hata mbili. Na mshikaji akakubali, kwa sababu kwa macho yake aliona propela inacheza. Nani abishe na kitu alichokiona?

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo watu wengi tunapoingizwa mjini.

Umewahi kusimama stesheni ukaangalia treni ya mizigo inavyoondoka? Kichwa kinavuta, halafu unasikia ko, ko, ko, ko, mlio unakimbia behewa kwa behewa mpaka la mwisho. Siyo kwamba treni ni mbovu. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi ndogo, na kila nafasi lazima ifungwe kabla behewa la nyuma halijavutwa. Behewa moja ukilisukuma peke yake linacheza kidogo tu. Mabehewa thelathini kwa pamoja ni kelele za kuamsha mtaa.

Gari la kusukumwa na tairi za nyuma liko hivyo hivyo. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye sahani ya klachi, ambayo ina springi ndogo za kulainisha mshtuko. Inaingia kwenye giaboksi, meno kwa meno. Inatoka kwa propela, ambayo ina jointi mbele na jointi nyuma, na sehemu ya kuteleza yenye meno ili iweze kurefuka na kufupika gari likiruka mashimo. Inaingia kwenye difu, ambako pinioni inaizungusha krauni, na ndani ya krauni kuna gia ndogo za kugawa mwendo kushoto na kulia zikikalia washa zake. Kutoka hapo ni ekseli, nazo zina meno, mpaka kwenye tairi. Kila mahali nilipotaja pana nafasi, ile ambayo mafundi wanaiita plei. Gari jipya linayo, gari la zamani linayo zaidi. Ukiishika propela na kuizungusha, unachokiona ni plei ya vitu vyote hivyo kwa pamoja, siyo ya difu peke yake.

Halafu kuna mtego mwingine, na huu ni wa kihesabu. Propela inazunguka mara nyingi kuliko tairi. Tuseme mara 5 kwa tairi mara 1. Maana yake plei yoyote iliyopo upande wa tairi, ukiiangalia kwenye propela inaonekana kubwa mara 5. Tairi likicheza digrii 2 tu, ambazo hata huwezi kuzigundua, pale propela inapoungana na difu utaona digrii 10. Kwenye flenji yenye nusu kipenyo cha sentimita 4, hizo digrii 10 ni milimita 7. Milimita 7 kwa jicho la mtu aliyelala chini ya gari ni balaa, lazima useme difu imekufa. Kumbe ni kidogo kidogo kilichopigwa kioo cha kukuza. Fizikia ya kidato cha tatu niliilalia usingizi, lakini hii ilinifanya nimkumbuke mwalimu.

Tena nafasi yenyewe kati ya pinioni na krauni ni ndogo kweli kweli. Kwa magari mengi madogo kitabu cha kiwanda kinaruhusu kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita moja. Sasa meno hayo yakiliwa, kwa kawaida difu haigongi tu, inaimba. Unasikia "wuuuu" kwenye spidi fulani, ukiachia mafuta wimbo unabadilika sauti. Difu inayogonga bila kuimba mara nyingi shida yake ni zile washa za gia ndogo, au meno ya ekseli. Kirikuu ya mshikaji haikuwa inaimba hata kidogo. Ilikuwa inagonga tu. Ila hayo tulikuja kuyajua tumeshachelewa.

Difu ya mtumba ikatafutwa, ikapatikana siku hiyo hiyo (fundi wa aina hii hakosi kuwa na rafiki mwenye spea), ikafungwa. Bei sisemi, ila ilikula hesabu ya wiki tatu, na mshikaji akampigia simu tajiri kuomba msamaha kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia hata kwa mkwe wake. Jioni tukawasha gari. Gia ya kwanza, klachi taratibu.

Ngo!

Wee acha tu. Fundi akasema, "Itakaa sawa, inajizoesha." Jamani, chuma hakijizoeshi. Kiatu ndicho kinachojizoesha.

Siku ya tatu mshikaji akaja na malalamiko mapya. Gari lilikuwa zito. Pale Kimara ambapo zamani alikuwa akipandisha kwa gia ya tatu akiwa na mifuko kumi, sasa lazima arudi ya pili. Nikamwambia labda ni petroli mbaya. Mimi na umbumbumbu wangu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye siku hizi hafungui tena gereji rasmi, ana shimo lake la zege nyuma ya nyumba na wateja wachache anaowapenda. Tulimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Linagonga wapi?"

Mshikaji akaanza kueleza habari za difu. Mzee akamkatisha. "Sijakuuliza kilichobadilishwa. Nimeuliza linagonga wapi." Akachukua kipande cha chaki na rula ya shule, akatuambia twende tukazunguke kwanza. Na redio akaizima yeye mwenyewe.

Barabarani alimwambia mshikaji akae gia ya pili, spidi kama 20 mpaka 30, kisha akanyage mafuta na kuachia, kukanyaga na kuachia. Mimi nikapandishwa nyuma, kiganja kimelala kwenye bati la bodi. Kwanza juu ya ekseli, halafu nisogee mbele, nyuma ya kabini. Naapa tofauti ilikuwa kama mchana na usiku. Nyuma nilisikia mtikisiko wa mbali, lakini mbele, karibu na giaboksi, ilikuwa kama mtu amejificha chini anapiga bati kwa nyundo. Difu iko nyuma. Hapo mimi mwenyewe nikaanza kumtilia shaka yule fundi wa dakika mbili.

Tuliporudi hakuingia shimoni. Alifunua kiti. Akamwambia mshikaji akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya kwanza, aachie klachi mpaka ianze kushika tu, kisha afanye hivyo hivyo kwa rivasi. Mimi nikaambiwa nitoke mbele ya gari na nyuma ya gari, nikae ubavuni, maana mguu wa breki ukiteleza hapo ni msiba. Basi kila klachi ilipogusa, injini ilinyanyuka upande mmoja kama mtu anayetaka kuamka kitandani halafu anaghairi. Injini nzima kutikisika kidogo ni kawaida. Hii ilikuwa inanyanyuka na kugonga. Mpira wa mauntini ya kushoto ulikuwa umepasuka, chuma kinakutana na chuma. Mtuhumiwa wa kwanza huyo, na hatujafungua hata nati moja.

Naomba mlikariri hili kwa sababu linawahusu hata nyinyi wa magari madogo ya siku hizi. Mauntini iliyokufa inagonga kwa sauti ile ile ya jointi iliyokufa. Na mauntini ndiyo rahisi zaidi kuiangalia.

Ndipo tukaingia shimoni. Injini imezimwa, gia iko huru, matofali mbele na nyuma ya tairi, na kwa vile handbreki ya mshikaji ni pambo tu, kijana wa pale akaambiwa akae kwenye kiti akanyage breki asitoe mguu mpaka aambiwe. Kama huna shimo, usidanganyike kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, ya kushikilia ni stendi. Sirudii.

Mzee akapiga mstari wa chaki, nusu kwenye flenji ya difu na nusu kwenye mwili wa difu. Akazungusha propela mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, akapima kwa rula mstari umehama kiasi gani. Milimita 3 na kitu. "Difu hii haina neno," akasema. Halafu jointi ya nyuma. Mkono mmoja ukashika flenji, mwingine ukashika propela, akazipinda kinyume. Hakuna kitu, zinakwenda pamoja kama mwili mmoja. Akasogea mbele. Akashika vile vile, akapinda, na hata mimi niliyekuwa nachungulia nikaona. Upande mmoja unakwenda, upande wa pili unasubiri kwanza, ndiyo unafuata. Tik. Tik. Kuzunguka vikombe vya msalaba kulikuwa na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga.

Nieleze jointi hii kidogo, maana ndiyo mwenye kesi. Propela hainyooki muda wote. Ekseli inapanda na kushuka na springi, kwa hiyo lazima bomba lizunguke huku limepinda, na kinachowezesha hilo ni msalaba wa chuma ulioshikwa na uma mbili. Siyo uvumbuzi wa juzi. Wafaransa na Wajerumani mpaka leo wanaiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mtaliano aliyeishi mwaka 1501 mpaka 1576, na Waingereza kwa jina la Robert Hooke wa karne ya 17. Ncha nne za msalaba zimo ndani ya vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe kuna sindano nyembamba za chuma zilizozungushwa pande zote, zinaogelea kwenye grisi. Grisi ikikauka, au maji yakiingia, sindano zinachimba mifereji kwenye msalaba. Kutu inasagika, inatoka nje kama unga. Huo ndiyo mwekundu tuliouona.

Difu ina ruhusa ya kucheza, giaboksi ina ruhusa, hata meno ya ekseli. Jointi ya propela haina ruhusa hata ya unywele. Ukiisikia inacheza mkononi, imekwisha, hakuna cha kujadili. Na hupitia hatua. Mwanzo hulia kama kifaranga, chwi chwi chwi, gari likiwa taratibu na dirisha liko wazi, na mlio unaongezeka kasi na mwendo. Watu wengi hudhani ni breki. Halafu inaanza kugonga unapobadili mguu. Halafu mtetemo kwenye sakafu ukiwa kwenye mwendo mkubwa. Baada ya hapo sitaki kukutisha ila nitakutisha: inakatika. Ikikatika ya nyuma, propela inapigapiga chini ya gari kama rungu la kichaa. Ikikatika ya mbele, ncha inashuka barabarani, na gari likiwa linakwenda mbele ncha ile inaweza kuchoma lami na kulinyanyua gari. Wale vijana wawili wanaokula miwa juu ya saruji watatua wapi?

Kwenye giaboksi mzee hakukaa sana. Aliweka gia ya nne, akazungusha propela, akaweka ya tatu, ya pili. Zote zilicheza kidogo na kwa kulingana. Akasema gia moja ingecheza sana kuliko wenzake ndipo angeiangalia giaboksi kwa jicho baya. Za klachi akaziruka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuziona bila kushusha giaboksi, na hakukuwa na haja.

Jointi mpya na mauntini vilinunuliwa Kariakoo, na vyote viwili kwa pamoja havikufika bei ya kuku wanne wa kienyeji. Kabla ya kuifungua propela mzee alipiga alama kwenye flenji zote mbili ili irudi vile vile ilivyokuwa, kwa sababu propela hubalansiwa kiwandani na ukiirudisha imegeuka inaweza kukuletea mtetemo ambao hukuwa nao. Muulize fundi wako kama anapiga alama. Akikushangaa, na wewe mshangae. Kitu kingine cha kuuliza ni jinsi jointi ilivyofungwa. Nyingine zimeshikwa kwa klipu, zinatoka na kuingia vizuri. Lakini kuna propela za Kijapani ambazo kiwandani vikombe vimefungwa kwa kukunja chuma chenyewe, na kuzibadilisha kunataka mtu mwenye mkono, siyo mwenye nyundo.

Jioni, gia ya kwanza, klachi taratibu. Kimya. Nilisikia kuku wa jirani.

Mshikaji akataka kumkumbatia mzee, ila mzee akauliza swali lililoharibu sherehe. "Na ile difu yako ya zamani iko wapi?"

Kwanza alitaka kujua kwa nini gari limekuwa zito. Akaweka stendi chini ya ekseli upande mmoja, tairi moja juu, lingine chini limewekewa matofali, gia huru, breki imeachiwa na tairi za mbele zimezuiwa pia. Akazungusha lile tairi la juu mara mbili kamili. Mara mbili, siyo moja, kwa sababu tairi moja likiwa limezuiwa difu inalipa lile huru mizunguko ya wote wawili. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu propela kwa alama ya chaki. Ilizunguka mara 5 kasoro. Akaenda kwenye kirikuu ya mtoto wake, ya aina ile ile, tukafanya hivyo hivyo. Mara 5 na theluthi.

Yaani fundi alifunga difu ya hesabu nyingine. Kwa nje zinafanana kama mapacha, inaingia, bolti zinakaa. Lakini kila gia ya mshikaji sasa ni ndefu kuliko ilivyotakiwa, ndiyo maana Kimara imekuwa mlima. Na kwa vile spidomita inasomea kwenye giaboksi, mshale unaposema 60 yeye yuko zaidi ya 60. Trafiki hatasikiliza stori ya difu.

Nisiwasahau wa IST, Vitz na Passo, maana najua mnasema haya hayatuhusu. Magari yenu yanasukumwa na tairi za mbele, propela hamna. Jointi zenu ziko ndani ya buti za mpira karibu na tairi, na kipimo chake ni uwanja wazi: kata usukani mpaka mwisho, ondoka taratibu, ukisikia taka-taka-taka kila tairi linapozunguka, jointi ya nje hiyo. Buti ikichanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Mkiwahi buti, mmewahi jointi. Kama ni otomatiki na inapiga ngo! ukiingiza D au R tu, angalieni mauntini, na angalieni sailensi. Injini ikiwa imesimama inazunguka mno, kila ukiingiza gia ni kama kumsukuma mtu aliyekuwa anakimbia. Nimeona watu wanashusha giaboksi kwa ugonjwa wa sailensi. Na msitumie P kupimia plei, kile kipini kinachofunga giaboksi kwenye P kina plei yake mwenyewe, kitawadanganya.

Turudi kwa mshikaji. Kesho yake alfajiri tukaenda kwa yule fundi kuidai difu ya zamani. Tulimkuta, hakukimbia, hata hakuona aibu.

"Kaka, si mwenyewe tulikubaliana ni mbovu? Mbovu nimeuza skrepa."

Mshikaji akatafuta jibu, akakosa. Tulikubaliana kweli. Hakuna aliyesema mbovu inabaki ya nani, na spea iliyotoka kwenye gari lako ni mali yako hata iwe kutu tupu. Siku hizi mshikaji anaondoka gereji na mfuko wa vyuma chakavu kama muuza skrepa, mke wake analalamika uani hapapitiki.

Wiki mbili baadaye tuko Tandika tunapakia, ikaja kirikuu nyingine ikasimama pembeni yetu. Dereva kijana mchangamfu, tukapiga stori, stori ikafika kwenye mafundi. Akasema yeye ana fundi wake safi sana, na akatutajia. Ni yule yule. Amemfungia difu ya mtumba ya uhakika, kaka, imetulia, haiimbi, haigongi, milima inapanda kama haina akili nzuri. Tukamuuliza lini. Akataja siku.

Mshikaji akaniangalia. Akamwomba yule kijana wabadilishane, na kwamba yeye angeongeza na kitu kidogo juu. Kijana akacheka akidhani ni utani, akapanda gari lake, mifuko 20 nyuma, akaachia klachi. Nilitega sikio. Haikusema kitu.